Sifa Kumi na Mapungufu Sita ya RPK

Mume wangu ana wake wawili, na mke mdogo ni mimi. Mke mkubwa ni wa chuma, kwao ni Urusi ya enzi za Wasovieti, ana miguu miwili ya kukunja na jina lake ni RPK. Ni bunduki ya rashasha, ile nyepesi inayobebwa na mtu mmoja. Mume wangu alikutana naye miaka mitatu kabla ya kukutana na mimi, na hajawahi kunificha. Taabu yangu ndiyo hiyo, kwamba hafichi. Wiki ya kwanza ya ndoa nilikwishajua kwamba mtutu wake ni mrefu na mnene kuliko wa AK, na sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeuliza kama anataka chai.

Yeye ni sajini, mwalimu wa silaha katika chuo cha mafunzo ya askari. Mimi ni karani wa chuo hicho hicho. Yeye anasema, mimi napiga chapa. Wanafunzi wanamwita Rashasha, zamani nyuma ya mgongo, siku hizi hata mbele ya uso, maana akianza kuizungumzia hiyo bunduki yake hupati mwanya wa kuingiza hata "samahani".

Somo lake maarufu ni "Sifa na Mapungufu ya RPK". Nimelipiga chapa mara nyingi mno, naweza kulifundisha huku nachambua mchele. Sifa ni kumi. Ni nyepesi, kilo tano kasoro kidogo bila risasi. Vyuma vyake vingi ni ndugu wa vyuma vya AK, kwa hiyo aliyeijua AK ataijua na hii kabla ya chakula cha mchana. Magazini ya AK, lile kasha la risasi, inaingia kwake, na yake inaingia kwenye AK, hawanyimani. Matope haijali, vumbi haijali. Unaweza kukimbia nayo. Unaweza kupiga moja moja kama mtu mstaarabu, au ukaachia mfululizo kama mtu aliyekanyagwa kidole. Hapo zimefika sita tu na dakika arobaini zimekwisha.

"Sasa, mapungufu," anasema Rashasha, na sauti inashuka kama ya mtu anayelazimishwa kutaja umri wa mama yake. Mtutu haubadilishwi. Umefungwa moja kwa moja, kwa hiyo ukipiga mfululizo mrefu unashika moto, risasi zinaanza kwenda zinakotaka zenyewe, na huna mtutu wa akiba. Magazini ya risasi arobaini inakwisha upesi, wakati rashasha za mkanda wa risasi ndiyo kwanza zinakohoa. Magazini ya duara inachukua sabini na tano, lakini kuijaza ni adhabu. Ukilala chini, ile magazini ndefu inagusa ardhi na kukunyanyua kichwa kama vile unamtafuta adui umsalimie. Haya yote huyasema kwa dakika tano, mbiombio, huku anatazama dirishani.

Pungufu la sita nililiongeza mimi wakati wa kupiga chapa: "Ukijumlisha yote, ni AK iliyoshiba, basi." Alilikuta darasani mbele za watu, akalisoma lote kwa sauti kabla hajang'amua. Hakusema nami siku mbili. Lakini wanafunzi walicheka mpaka machozi, na kwa kuwa mume wangu anapenda kuchekewa, likabaki.

Basi. Miaka mitano iliyopita nikaanza kumwona anageuza kichwa kama kuku anayekagua punje. Nikisema naye kutoka jikoni, kimya. Nikisimama mbele yake, anajibu vizuri kabisa, macho yake yako kwenye midomo yangu. Mwanzoni nilifurahi. Nilidhani amerudi kunipenda. Kumbe mwenzangu hasikii! Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Ukiegemeza kitako cha bunduki bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, na lilikuwa limekula kelele hizo miaka ishirini na mitatu. La kulia lilibaki na nusu uhai. Anasikia kwamba mtu anasema, hajui anasema nini.

"Nenda kwa daktari," nikamwambia, usoni.

"Niende, ili iweje? Wakijua, wananitoa darasani. Watanipeleka stoo kuhesabu soksi."

"Soksi zina ubaya gani?"

"Soksi," akasema, na haki ya Mungu machozi yalikuwa yamemlengalenga, "soksi hazina sifa wala mapungufu."

Nilipaswa kumburuta kwa daktari siku ile ile. Badala yake nikajifanya mjanja.

Kilichokuwa kinampa taabu si kuhutubia. Kuhutubia hakuhitaji masikio, anayebisha aulize wanasiasa. Taabu ilikuwa maswali. Nami ndiye ninayepiga chapa karatasi za somo, au siyo? Nikapiga chapa na maswali. Kila darasa lina wanafunzi wanane, wanaitwa kwa namba za viti vyao. Namba Moja anapewa kadi yenye swali la kwanza, Namba Mbili la pili, mpaka wa nane. Mwanafunzi anasimama, anapiga mguu chini, anataja namba, anauliza kama kadi inavyosema, anapiga mguu tena, anakaa. Sakafu ya darasa ni ya mbao. Mguu wa kwanza Rashasha anaupata kwenye nyayo: swali limeanza. Mguu wa pili: swali limekwisha. Anatoa jibu la zamu hiyo, tumemaliza.

Na kwa kuwa mume wangu ni mtu wa maonyesho, akaongeza mbwembwe zake. Wakati wa maswali anajifunga macho kwa kitambaa (kipande cha pazia letu la zamani, msinicheke) na huku anajibu, mikono inaifungua RPK chuma kimoja kimoja na kuiunganisha tena. Mtu aliyejifunga macho, nani atamlaumu kwamba hakumtazama anayeuliza? Mkuu wa chuo aliona, akapiga makofi, akaandika barua kusifu "utaratibu bora wa maswali". Barua yenyewe niliipiga chapa mimi. Wanafunzi hawakujua kitu, walidhani ni nidhamu ya jeshi. Siri ilikuwa ya watu wawili, na kwa miaka mitano nilitembea kifua mbele.

Kuna jambo moja niliseme kwa haki. Stoo kuna maboksi mawili ya vifunika masikio, mapya. Mume wangu hakumkataza mtu kuvivaa uwanja wa shabaha. Ila yeye hakuvaa, na boksi moja alilifanya kiti. Sasa mwanafunzi gani atajifunika masikio mbele ya mwalimu asiyejifunika, aliyekalia vifuniko vyenyewe?

Mwaka huu mwanetu wa pekee akaingia chuoni. Nilimsihi asomee kufundisha watoto wadogo. Akasema hiyo kazi ni ya hatari mno. Mwalimu wa silaha ni mmoja tu chuoni, kwa hiyo baba yake ndiye aliyemfundisha, na darasani hakuna baba wala mwana, alikuwa Namba Tatu na "Ndiyo, Afande". Jumapili akija nyumbani, yeye na baba yake wanakaa mezani kuisifu RPK mpaka nahisi nimeolewa na kikosi kizima. Baba anasema, binti anamtazama usoni na kujibu polepole, kwa sauti ya kutoka kifuani. Nilidhani ni heshima.

Ndipo ikaja barua ya ukaguzi. Kila mwalimu atakaguliwa akifundisha. Atakayefaulu ataendelea mpaka siku ya kustaafu. Atakayeonekana hafai, au afya yake haimruhusu, atapangiwa kazi nyingine. Rashasha alikuwa amebakiza miaka mitatu. Aliisoma ile barua, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Soksi," akasema.

"Hakuna soksi," nikamwambia. "Una sifa kumi, mapungufu sita, maswali manane. Umeyafanya mara mia. Vaa buti, twende."

Mkaguzi alikuwa meja, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliingia darasani bila kelele, akakataa kiti cha mbele, akaja kukaa pembeni yangu kwenye meza ya karani ambako nilikuwa tayari na daftari la kumbukumbu. Kabla mambo hayajaanza alisema neno moja tu.

"Sajini, nimesikia sifa unazijua. Leo nataka mapungufu yapate muda sawa na sifa. Askari anayejua sifa peke yake atakufa akiisifu."

Aliyasema akiwa amemgeukia mume wangu, na karibu, na midomo yake minene inasomeka kama gazeti. Rashasha akajibu, "Sawa, Afande." Nikashusha pumzi.

Na alifundisha, jamani! Nisimnyime haki yake. Alieleza sifa kwa dakika ishirini bila kumeza mate. Kisha akageukia ubaoni, akaandika MAPUNGUFU kwa herufi kubwa na chini yake moja mpaka sita, na kila moja akalieleza. Alieleza mtutu unavyochemka na kwa nini lazima upige mafungu mafupi mafupi, risasi tatu, pumzi, risasi tatu. Alieleza kwamba ukiwa na kazi ya kumzuia adui kwa muda mrefu, arobaini arobaini hazitoshi, utamaliza kubadilisha magazini kabla hujamaliza vita. Alipofika kwenye AK iliyoshiba, Meja alicheka mpaka miwani ikaruka kifuani. Mimi nikaandika kwenye daftari: "Mkaguzi alicheka." Moyoni nilikwishastaafu na mume wangu.

"Sasa maswali," akasema Rashasha. Akatoa kile kipande cha pazia, akajifunga macho, akasimama mbele ya meza yenye bunduki, miguu imeachana, nyayo zimetulia juu ya mbao.

Hapo mlango ukafunguka kidogo. Muuguzi wa zahanati ya chuo akachungulia.

"Samahani, Afande," akamwambia Meja kwa sauti ya chini. "Namba Tatu. Daktari amefika na hakai sana. Alisema aitwe mara moja."

"Ana nini?" akauliza Meja.

"Sikio, Afande. Tangu juzi, baada ya uwanja wa shabaha."

Meja akamwashiria aende. Mwanetu akainuka taratibu, akatembea kwa ncha za buti asiharibu onyesho la baba yake. Alipopita mbele yangu hakunitazama. Mlango ukafungwa. Baba mtu yuko pale, macho yamefungwa, anatabasamu, anangoja mguu wa kwanza.

Namba Moja akapiga mguu. "Namba Moja, Afande! Je, RPK ina uzito gani?"

"Kilo tano kasoro bila risasi," akajibu mume wangu, na mikono imeshachomoa magazini. "Ukiona inakuelemea, tatizo ni chakula cha asubuhi."

Namba Mbili akauliza kama magazini zinabadilishana na AK. Akajibiwa zinabadilishana, hazina uchoyo. Meja akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hapo sasa mimi nilipaswa kufanya kitu. Kukohoa, kuangusha kiti, kusimama nipige mguu wangu mwenyewe na kuuliza swali la tatu kwa niaba ya aliyetoka. Ningeonekana kichaa, lakini mpango ungesimama. Sikufanya chochote. Nilikuwa nimegandia kwenye neno moja la yule muuguzi. Sikio. Nilipozinduka, Namba Nne, mtoto mwenye adabu zake, ameona kiti cha jirani kitupu na ameruka zamu.

Mguu. "Namba Nne, Afande! Je, mpiga rashasha anatakiwa awe mtu wa namna gani?" Mguu.

Mume wangu akatoa jibu la tatu, la mtutu.

"Akianza kutoa moshi, mwache," akasema kwa uhakika. Siku zote aliisema ile bunduki kama mtu. "Muweke kivulini apoe. Usimshike kwa mkono mtupu, na kamwe usimmwagie maji."

Namba Nne alibaki ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Meja akavaa miwani.

Mguu. "Namba Tano, Afande! Je, inafika umbali gani?"

"Mabega mapana, maneno machache, na asiwe mtu wa kushtukashtuka."

Mtu mmoja akacheka puani. Namba Sita akasimama, akauliza kujaza magazini ya duara kunachukua muda gani.

"Mita mia nane kwa fundi," akasema Rashasha, huku anaurudisha mfuniko wa bunduki. "Kwa ninyi, mpaka pale ukutani."

Hapo darasa likapasuka. Walicheka jamani, wakajiinamia, wakang'ata mikono ya mashati. Na yeye, maskini, alihisi mbao zinatetemeka, akajua wanacheka, akafurahi! Akainua kidevu, akangoja watulie kama mchekeshaji mzoefu. Namba Saba alipouliza magazini ndefu inasumbuaje ukilala chini, alijibiwa kwamba inategemea, wengine robo saa, wengine nusu saa, na ukimaliza vidole vinauma hutaki kumpa mtu mkono. Namba Nane alikuwa na swali kubwa, lile la kufungia: "Je, pungufu kubwa kuliko yote ni lipi?"

"Kunyanyua kichwa," akajibu. "Unakipandisha, adui anaona paji la uso, habari yako imekwisha."

Akabana chuma cha mwisho, akaiweka RPK juu ya miguu yake miwili, nzima, inang'aa. Kisha akasimama wima akingoja swali la nane.

Halikuja. Wanane wamekuwa saba, na saba wamekwisha uliza. Kicheko kilikwisha chenyewe. Nilimtazama mume wangu amesimama na pazia letu usoni, kichwa amekigeuza kidogo kuelekeza sikio la kulia, uso wote unasubiri. Miaka mitano nilimwona akifanya onyesho hili na sikuwahi kumwona amezeeka. Nilimwona hapo.

Meja akainuka. Kiti chake kikakwaruza sakafu. Akasogea hatua mbili.

"Sajini," akasema kwa upole, "unanisikia?"

Mume wangu alizipata hatua hizo kwenye nyayo, akadhani ndilo swali la nane. Akatabasamu.

"Hilo ndilo swali lenyewe," akasema. "Pungufu kubwa kuliko yote haliko kwenye bunduki. Liko kwa mtu anayeishika."

Hakuna aliyecheka.

Nikaacha kalamu. Nikaenda pale mbele, nikamfungua kitambaa. Aliponiona mimi badala ya darasa alikunja uso, kisha macho yakaanza kuhesabu viti. Yakafika cha tatu, yakasimama.

"Yuko wapi?" akauliza, kwa sauti kubwa kama yuko uwanjani.

"Kwa daktari," nikamwambia usoni, herufi kwa herufi. "Sikio lake. Tangu juzi."

"Lipi?"

Kwa nini aliuliza lipi, sijui. Na mimi sikuwa nimeambiwa, lakini wote wawili tulijua.

Aligeuka ubaoni, akachukua chaki, na chini ya AK iliyoshiba akaandika: 7. Akasimama hapo, chaki imegusa ubao, haiandiki. Kisha akaiweka, akawageukia wale vijana.

"La saba nililiacha," akasema, bado kwa sauti kubwa mno. "Miaka yote hii nimeliacha. Inakula masikio ya anayeipiga. Si hii peke yake, ni bunduki zote, lakini hii ndiyo niliyoipiga mimi. Yangu imeyala. Hapa nilipo sisikii mnachosema. Nilikuwa nahesabu miguu yenu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kesho mtu akija uwanjani bila vifunika masikio, hapigi. Nikija mimi bila kuvaa, msinisikilize. Nifukuzeni."

Namba Nne alikuwa analia waziwazi, na hakuwa na kosa lolote.

Meja alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Nani mwingine alijua?" akauliza.

Mume wangu hakumwona akiuliza, alikuwa amegeukia bunduki yake. Ningeweza kunyamaza. Swali lenyewe lingeelea tu na kupotea, na nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Nikarudi mezani, nikashika kalamu.

"Mimi," nikasema. "Kadi nilizipiga chapa mimi. Mpango ulikuwa wangu." Na kwa kuwa mimi ndiye karani, ilinibidi nijiandike mwenyewe: Mkaguzi aliuliza nani alijua. Karani alijibu, mimi.

"Barua yenu mtaipata," akasema Meja. "Sasa nendeni mkamwone mtoto. Karani, hilo neno nendeni huna haja ya kuliandika."

Zahanati iko ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Tulitembea haraka, mume wangu mbele, hakufunga mikono mgongoni kama siku zote. Mwanetu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ametulia, kifungo cha juu cha shati amekifungua. Daktari alikuwa amempima. Sikio la kushoto. Huenda likarudi lote baada ya siku chache, huenda likarudi nusu, arudi Ijumaa apimwe tena na asikaribie mlio wowote.

"Linapiga filimbi," akasema. "Haliniumi. Ni filimbi tu, haikati."

Mume wangu alikaa upande wake wa kushoto, na mimi nikasimama mbele yao. Hasira zilinipanda, maana woga wangu siku zote huvaa nguo za hasira.

"Tangu juzi!" nikamfokea. "Juzi, jana, leo! Mdomo unao, mama unaye, zahanati hii hapa. Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimemuuliza kwa nini anavaa viatu.

"Mama," akasema, "baba hasikii tangu niko darasa la saba. Mimi najua, wewe unajua, yeye anajua. Hatujawahi kusema hata siku moja. Nilidhani kwetu ndivyo tunavyofanya."

Nilisimama pale na kitambaa cha pazia bado kiko mkononi.

Mume wangu alikuwa upande mbaya, hakuweza kuiona midomo yake. Akanitazama mimi.

"Amesema nini?"

Nimeshaulizwa hivyo mara elfu. Mezani, kwa majirani, kwa wageni, na kila mara nilimpa kitu laini badala ya kilichosemwa: amesema chakula kizuri, amesema hajambo, amesema anakusalimu. Alikuwa amezoea kutabasamu kabla sijamaliza, na hata sasa alikwishaanza kutabasamu.

Nikachuchumaa mbele yake ili anione vizuri, nikamrudishia maneno ya mwanawe, neno kwa neno, bila kupunguza hata moja.